SOMO: BWAWA KUUKUU LA UDONGO NA WAJIBU WA CHAMA

Somo hili limekusudiwa vyama vya wakulima vyenye bwawa la tuta la udongo, na vile vinavyolima chini ya bwawa la jirani. Lafaa kusomwa kwa sauti katika mkutano wa Kamati, na maswali yaliyo mwisho yajadiliwe na wanachama wote.

Utangulizi

Tarehe 25 Desemba 2020, sehemu kubwa ya Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa mwaka 1883 mbele ya bahari katika Mji Mkongwe wa Unguja, iliporomoka na kuua watu wawili. Jumba hilo halikuanguka bila ya kutoa ishara. Mwaka 2012 sehemu ya roshani yake ilikuwa imekwisha kuanguka. Siku lilipoporomoka matengenezo yalikuwa yanaendelea, lakini uchakavu ulimtangulia fundi.

Jumba la mjini huonwa na kila apitaye Forodhani. Bwawa la udongo liko bondeni, limezungukwa na majani, na tuta lake hufanana na kilima cha kawaida. Aliyelijenga huenda amekwisha kufariki. Waliolirithi hulihesabu kuwa sehemu ya ardhi, kama mto au mwamba. Hilo ndilo kosa la kwanza. Bwawa si ardhi. Ni jengo, nalo huzeeka kama majengo yote, ila uzee wake huenda ndani ya udongo ambako jicho halifiki. Kwa hiyo hapana budi chama kijifunze kusoma dalili chache zinazojitokeza nje.

Yaliyotokea Solai

Usiku wa tarehe 9 Mei 2018, katika eneo la Solai, Kaunti ya Nakuru nchini Kenya, bwawa la udongo lililojulikana kwa jina la bwawa la Patel lilivunjika. Lilikuwa bwawa la shamba, si bwawa la umeme wala la kunyweshea mji. Masika ya mwaka ule yalikuwa makubwa kupita kiasi na maji yalikuwa yamejaa. Tuta lilipokatika, maji na tope viliteremka vijijini gizani, vikachukua nyumba na watu waliokuwa ndani. Watu wapatao 48 walikufa, wakiwamo watoto wengi, na mamia ya jamaa walibaki bila ya makazi.

Mafunzo mawili ya Solai yanavihusu vyama vya Unguja moja kwa moja. La kwanza ni kwamba bwawa dogo laweza kuua. La pili ni kwamba waliokufa si waliokuwa wakilitumia bwawa, bali ni waliokuwa wakiishi chini yake. Katika chama cha ushirika jambo hili ni zito zaidi. Wenye kura katika mkutano mkuu ni wanachama wanaotaka maji. Jirani aliyejenga nyumba kando ya kijito huko chini hana kura, na aghalabu hajui hata kwamba bwawa lipo.

Uzito wa maji

Wanachama wengi hudhani kuwa bwawa lao ni dogo mno kuleta madhara. Hesabu yatosha kuondoa dhana hiyo. Kwa bwawa la bondeni, wingi wa maji hukadiriwa kwa kuzidisha upana wa maji penye tuta, urefu wa maji kurudi nyuma, na kina penye tuta, kisha jumla huzidishwa kwa 0.4, kwa sababu bonde hupungua kina na upana kadiri linavyokwenda juu.

Ichukuliwe mfano kwamba upana ni mita 60, urefu mita 150 na kina mita 3. Jibu ni mita za ujazo 10,800. Kila mita moja ya ujazo ya maji ina uzito wa tani moja. Basi nyuma ya tuta hilo zimekaa tani 10,800, yaani shehena ya malori zaidi ya 1,000 ya tani kumikumi, na zote zaweza kushuka kwa muda mfupi sana.

Viungo vya bwawa

Bwawa la udongo lina viungo vinne vinavyopaswa kujulikana na kila mjumbe wa Kamati.

Cha kwanza ni tuta lenyewe, lenye uso wa ndani unaogusa maji, uso wa nje unaoelekea mashamba, na mgongo ulio juu. Cha pili ni mabega, yaani mahali tuta linaposhikana na ardhi ya asili pande mbili za bonde. Cha tatu ni bomba la kutolea maji, linalopita chini ya tuta. Cha nne ni utoro, yaani njia ya wazi ya kupitishia maji ya ziada wakati wa mvua kubwa. Utoro hukatwa katika ardhi ya asili kwenye bega, wala haupitishwi juu ya udongo uliojazwa.

Kati ya kizingiti cha utoro na mgongo wa tuta lazima pawe na nafasi ya akiba. Kwa mabwawa madogo, mita moja ni kiasi cha kawaida. Nafasi hiyo si upungufu wa bwawa. Imewekwa kwa ajili ya mvua ya siku moja mbaya.

Njia tatu za kuvunjika

Bwawa la udongo huvunjika kwa njia kuu tatu. Ya kwanza ni maji kupita juu ya mgongo. Udongo hauwezi kustahimili maji yanayoporomoka juu yake. Huchimbwa upande wa nje, na shimo hurudi nyuma hadi likakata tuta. Chanzo chake aghalabu ni utoro mdogo, utoro ulioziba, au mgongo uliodidimia katikati.

Njia ya pili ni maji kula tuta kwa ndani. Kila tuta huvuja kidogo, na mvujo wa maji meupe peke yake si balaa. Balaa ni pale maji yanapobeba udongo. Kila chembe inayotoka huacha nafasi, nafasi huongeza kasi ya maji, na kasi huongeza chembe zinazotoka. Tarehe 5 Juni 1976 bwawa la Teton katika jimbo la Idaho, Marekani, lilivunjika namna hiyo. Lilikuwa bwawa kubwa, jipya, lililosimamiwa na wahandisi, na ndiyo kwanza lilikuwa likijazwa. Asubuhi mvujo wa tope ulionekana. Kabla ya saa sita mchana tuta lilikuwa limekatika. Watu 11 walikufa. Yafaa wanachama wakumbuke muda huo: baina ya tope la asubuhi na kuvunjika hazikupita saa nyingi.

Njia ya tatu ni tuta kuteleza. Udongo ulioloa kupita kiasi huacha kushikamana, na kipande cha uso wa nje hushuka. Uso wa ndani nao waweza kuteleza maji yakiteremshwa kwa haraka, kwa kuwa udongo ungali umejaa maji ilhali bwawa limekwisha kupungua. Ndiyo sababu, pasipo na dharura, maji hayateremshwi zaidi ya kama sentimita 30 kwa siku.

Kuna jambo moja la kuongeza. Tarehe 29 Aprili 2024, karibu na Mai Mahiu nchini Kenya, zaidi ya watu 50 walikufa kwa mafuriko ya ghafula. Habari za awali zilisema ni bwawa lililovunjika. Baadaye wakuu wa maji walieleza kwamba kalvati iliyopitisha maji chini ya tuta la reli ilizibwa na takataka, maji yakajikusanya nyuma yake, kisha yakapasua njia. Kwa hiyo tuta lolote lililozuia maji ni bwawa kwa wakati huo, hata likiwa tuta la barabara. Chama chenye barabara ya shamba inayokatiza bonde kina wajibu uleule wa kuzibua kalvati zake kabla ya masika.

Udongo wa Unguja

Wakulima wa Unguja wanazijua aina za udongo wao kwa majina: kinongo chekundu, kichanga chepesi, kinamo kizito cha mabondeni, na ardhi ya uwanda na maweni ambako jiwe la matumbawe liko karibu na uso. Kila aina ina tabia yake katika tuta.

Kinamo huzuia maji vizuri, lakini kikikauka hupasuka. Mwisho wa kaskazi, bwawa likiwa limepungua na jua limepiga wiki nyingi, nyufa huingia ndani ya tuta. Kisha masika huja na kujaza bwawa kabla nyufa hazijajifunga. Kichanga hakipasuki, lakini hupitisha maji na hubebwa upesi. Mawe ya matumbawe hayafai kabisa kuchanganywa ndani ya tuta, kwani huacha mianya ambayo haishindiliki.

Kisiwa chenyewe kimesimama juu ya jiwe lenye mapango, na baadhi ya vijito vyake hupotea ardhini kabla ya kufika baharini. Kwa hiyo bwawa likipungua upesi ilhali tuta halionyeshi mvujo, isidhaniwe kuwa hakuna kasoro. Huenda maji yamepata tundu chini ya bwawa au penye bega, na hapo huhitajika mtaalamu wa kulichunguza.

Nusu mita inayotamaniwa

Bwawa kuukuu hujaa tope. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 1972 kuhusu mabwawa ya karibu na Dodoma, likiwamo la Ikowa lililojengwa mwaka 1957, ulionyesha jinsi udongo unaochukuliwa na mvua kutoka mashambani na malishoni unavyoyajaza mabwawa kwa makumi machache tu ya miaka. Tope likipanda, akiba ya maji hupungua, na wakulima wa mpunga huona upungufu huo wazi.

Hapo ndipo shauri la hatari huzaliwa. Mwanachama husimama mkutanoni akasema: «Tupange viroba vya mchanga kwenye utoro, tupandishe maji nusu mita.» Shauri hilo halina gharama, linapendeza, na hupitishwa kwa kauli moja. Mwaka wa kwanza hakuna kinachotokea, nalo huonekana kuwa la busara.

Lakini hesabu yake ni hii. Kabla ya viroba, maji yaliweza kupanda mita moja juu ya kizingiti bila ya kupita juu ya tuta. Baada ya viroba imebaki nusu mita. Wengi watafikiri kuwa uwezo wa utoro umepungua kwa nusu. Sivyo. Maji yanayopita kwenye utoro hayaongezeki sawasawa na kina, bali kwa kasi zaidi ya kina; kwa hiyo kina kikipungua hadi nusu, uwezo wa utoro hushuka hadi karibu thuluthi moja. Chama kimeongeza nusu mita ya maji na kutoa thuluthi mbili za usalama. Aidha, tuta sasa lalowa mahali ambapo halikuwahi kulowa, penye mizizi, nyufa na mashimo ya panya buku.

Dawa ya bwawa lililojaa tope ni kuchimba tope wakati wa kiangazi, na kuyazuia maji ya mvua yasichukue udongo kule juu kwa matuta na majani. Kazi hiyo ni nzito, ndiyo maana viroba hupendwa.

Ukaguzi na daftari

Chama kichague wanachama wawili kuwa walinzi wa bwawa, na majina yao yaandikwe katika kumbukumbu za mkutano. Kazi iliyoachiwa wote haifanywi na yeyote. Walinzi hao walikague bwawa mara moja kila mwezi, kila siku wakati wa masika, na mara tu baada ya kila mvua kubwa. Ukaguzi mkubwa ufanywe mwezi wa Februari, nyufa zikiwa wazi na pakiwa na muda wa kuziba kabla ya mvua za Machi. Watazame haya:

1. Mgongo. Je, umedidimia mahali? Mpira mwembamba wa plastiki unaopitisha mwanga, uliojazwa maji, watosha kulinganisha usawa wa sehemu mbili. Magari ya ng'ombe yasipite juu yake, kwani mifereji ya magurudumu hukusanya mvua.

2. Nyufa. Ufa unaofuata urefu wa tuta waweza kuwa dalili ya kuteleza. Ufa unaolikata tuta kutoka ndani kwenda nje ni njia iliyo tayari kwa maji. Ufa mdogo wa ukavu hufukuliwa hadi mwisho wake, kisha hujazwa udongo wa mfinyanzi wenye unyevu na kushindiliwa tabaka kwa tabaka, kila tabaka lisizidi sentimita 15. Kuupaka juu ni kuuficha. Ufa unaodhaniwa kuwa wa kuteleza usichimbwe, aitwe fundi.

3. Mimea. Ukoka ndio vazi jema la tuta, kwa kuwa hushika udongo na hauzuii macho. Vichaka vikatwe vikingali vidogo. Mti mkubwa using'olewe bila ya shauri la fundi, maana mzizi unaooza huacha bomba ndani ya tuta.

4. Wanyama na watu. Mashimo ya panya yachimbuliwe na kujazwa. Udongo wa tuta usichukuliwe kukandikia nyumba.

5. Utoro. Uwe mweupe, bila ya majani marefu, magogo, uzio wala viroba.

6. Mvujo. Utazamwe hasa chini ya uso wa nje, penye mabega, na pembezoni mwa bomba, ambapo maji hupenda kufuata nje ya bomba lenyewe. Majani mabichi wakati wa ukame yaonyesha mahali pa kuanzia.

Kupima mvujo hakuhitaji chombo cha thamani. Maji yakusanywe kwenye mfereji mdogo, yaelekezwe katika debe la lita 20, na saa itazamwe. Debe likijaa kwa sekunde 40, mvujo ni nusu lita kwa sekunde. Kisha chupa ya kioo ijazwe maji hayo na kuachwa itulie. Udongo ukikaa chini ya chupa, tuta linaliwa.

Vipimo hivi viandikwe katika daftari pamoja na tarehe, kimo cha maji ya bwawa na mvua iliyonyesha. Faida ya daftari iko katika kulinganisha. Mvujo ukiongezeka kwa sababu bwawa limejaa, huo ni mwenendo wa kawaida. Mvujo ukiongezeka ilhali maji yako palepale, au ukibadilika rangi, tuta limebadilika ndani. Asiye na daftari hawezi kuitambua tofauti hiyo.

Siku ya hatari

Maji ya tope yakionekana, au maji yakikaribia mgongo, mpango wa kazi uwe huu, na kwa utaratibu huu.

Kwanza, watu walio chini ya bwawa waondolewe. Sheha awe na orodha ya nyumba hizo tangu kabla ya masika, na wenyewe wawe wameonyeshwa mahali pa juu pa kukimbilia. Mbiu ya mgambo na kipaza sauti cha msikiti hufika haraka kuliko barua. Watu wakiondolewa kisha bwawa lisivunjike, hakuna hasara ya kuhuzunisha.

Pili, bomba lifunguliwe lote na utoro uzibuliwe, na fundi wa umwagiliaji wa Wizara ya Kilimo aitwe papo hapo.

Tatu, ikiwa pana usalama, tundu linalotoa tope upande wa nje lifunikwe kwa mchanga wa chembe nene, juu yake kokoto, na juu ya kokoto mawe. Namna hiyo maji hupita na udongo hubaki. Kuliziba tundu kwa udongo au magunia yaliyoshindiliwa ni kosa, kwa sababu maji yaliyozuiwa hapo hutafuta njia nyingine ndani ya tuta. Tuta lisikatwe kamwe kwa nia ya kupunguza maji. Mkato mdogo hujipanua wenyewe.

Fedha na wajibu

Katika vitabu vya vyama vingi bwawa haliandikwi kabisa, kwa kuwa halikununuliwa. Liliachwa na serikali, na shamba la zamani, au na wazee waliojitolea. Mali isiyoandikwa haitengewi fedha. Yafaa bwawa liingizwe katika daftari la mali, na kila mavuno sehemu ya mapato iwekwe katika mfuko wa matengenezo, isiguswe kwa mbolea wala kwa posho. Haba na haba ya kila msimu yatosha kwa mchanga, kokoto, ukoka na siku za kazi. Kazi zinazoupita uwezo wa chama ziombewe msaada mapema, kwa barua yenye nakala ya daftari la vipimo.

Methali husema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mwenye nyumba anayepuuza ufa, hasara ni yake, na ukuta ataujenga yeye. Chama kinachopuuza bwawa hakilipi peke yake. Hulipa jirani aliyelala. Kwa ajili hiyo Kamati isiridhike kwa kuwa wanachama wote wamekubali. Wale wa chini nao waitwe, waonyeshwe tuta, na waambiwe ukweli wa hali yake.

Maswali ya majadiliano

1. Bwawa la chama, au bwawa lililo juu ya mashamba ya chama, lilijengwa lini, na ni nani anayelitunza sasa?

2. Kwa kanuni iliyotolewa, lina maji tani ngapi likijaa?

3. Baina ya kizingiti cha utoro na mgongo wa tuta pana nafasi kiasi gani? Je, kuna kitu kilichowekwa kwenye utoro, na kiliwekwa kwa uamuzi wa nani?

4. Ni nyumba ngapi zilizo chini ya bwawa, na ngapi kati yake ni za wasio wanachama?

5. Bwawa likianza kutoa tope saa nane za usiku, nani atajua kwanza, na ataanzia kubisha mlango wa nani?